Hakuna Ndege Anayeitwa Aina ya Ndege

Kwa miaka 26 nilifundisha Bayolojia katika shule za sekondari za mkoa wa Tanga, na katika miaka yote hiyo nimeisikia kauli moja ikirudiwa na watu wenye vyeti vyao: kwamba Kiswahili ni lugha ya siasa, ya soko, ya mapenzi na ya taarabu, lakini ukiingia nacho msituni kinaishiwa maneno. Kina "ndege", kina "mdudu", basi. Vingine vyote lazima tuazime.

Kauli hiyo si kweli, na inaumiza watu. Nitaanza na mmoja aliyeumia.

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alifanya mtihani wa waongoza wageni katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Swali moja lilimtaka ataje ndege kumi wa misitu ya Usambara Mashariki na aeleze namna ya kuwatambua. Akataja kumi. Sita aliwaandika kwa Kiingereza, wanne kwa Kiswahili: hondohondo, kulukulu, kororo na chozi. Maelezo yake yalikuwa sahihi kwa wote kumi. Nimeyasoma mwenyewe, na kusahihisha ndiyo kazi iliyonilisha. Wale wanne walipigwa mstari, na pembeni msahihishaji akaandika kwa wino mwekundu kwamba hayo ni ya kienyeji, si majina. Alama zilizokatwa hapo ndizo zilizomwangusha.

Aliponiletea karatasi ile nilikaa nayo barazani hadi chai ikapoa. "Kienyeji" ni neno la ajabu katika nchi hii. Kuku akiwa wa kienyeji, bei yake inampita wa kisasa na watu wanamgombania. Dawa ikiwa ya kienyeji, wapo wanaoisafiria usiku kucha. Lakini jina likiwa la kienyeji linakatwa, na kijana anaambiwa alipe ada arudie.

Na mtihani wenyewe ulikuwa wa nini? Wa kuongoza watu msituni. Baadhi ya watu hao watakuwa wageni kutoka Ujerumani na Uingereza, sikatai, na hao wanahitaji kutajiwa ndege kwa lugha wanayoielewa. Wengine watakuwa watoto wa shule za msingi za Muheza na Korogwe, wanaosomeshwa sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Kijana atasimama mbele yao, hondohondo apite juu, watoto wote wapige kelele "hondohondo!", na yeye aliyefuzu awasahihishe kwamba wamekosea?

Aprili hii tulipanda wote wawili Amani. Sikwenda kumfariji. Nilikwenda kuhesabu: nilitaka kujua, katika kutwa moja ya kutembea, ni vitu vingapi tutakavyoviona ambavyo Kiswahili cha mama zetu hakina neno lake. Nilimwomba simu yake ibaki mfukoni, kwa sababu ina programu inayosikiliza sauti ya ndege na kumwandikia jina la Kiingereza kabla hajageuza shingo.

Wakati huo Ulaya wanauita kwa jina ambalo vitabu vyetu vimelitafsiri "majira ya machipuko". Nimekuwa na wanafunzi walioweza kuniandikia insha nzima juu ya machipuko lakini hawakuweza kuniambia masika yanaanza mwezi gani. Kwetu hakuna baridi inayoua majani yakahitaji kufufuka. Kuna kiangazi, masika, kipupwe na vuli, na msitu wa Amani hauvui nguo majira yoyote. Hata hivyo uhusiano upo, nao unapita angani. Mbayuwayu wanaoshangiliwa Ulaya kila mwaka kwamba wameleta joto ndio hao hao waliokuwa wakikamata wadudu juu ya mashamba yetu ya chai na mkonge tangu vuli. Machi na Aprili wanaondoka. Furaha ya kule ni kuaga kwetu, na ndege ni mmoja. Sioni kwa nini jina analopewa akiwa banda la ng'ombe la Uingereza liwe ndilo jina, na hili analoitwa akiwa kwenye waya wa umeme wa Muheza liwe la kienyeji.

Tulianza kupanda kutoka lango la chini, Sigi, jua likiwa halijashuka mabondeni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye kichuguu cha kwanza kumbikumbi walikuwa wakitoka kama moshi, na juu yao karamu imekwisha kuanza: shore wakiruka kutoka tawini na kurudi, mbayuwayu wakipita chini chini, mwewe mmoja akichukua kumbikumbi kwa kucha na kumla huku akiruka. Watoto watatu waliokuwa wakienda shule walisimama nasi. Waliwaokota, wakayapuliza mabawa, wakala wabichi. Mpwa wangu naye akala. Katika dakika kumi hizo tulikuwa na majina manne, na hakuna hata mmoja kati ya wale watoto aliyehitaji kuelezwa jina lolote.

Kisha wakapita hondohondo. Kwanza unasikia mabawa, sauti kama ya mtu anayekung'uta mkeka, ndipo unawaona: weusi, mdomo mkubwa wenye taji juu yake, wanakwenda wawili wawili. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti na mlango ukazibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu, na dume humlisha matunda kupitia ufa huo kwa muda wote wa kuatamia na kulea. Nilimweleza mpwa wangu, akacheka. Akaniambia, "Mjomba, hilo nililiandika kwenye mtihani. Hapo walinipa alama. Walikata jina tu."

Mbele kidogo siafu walikuwa wakivuka njia. Tulitaka kuwaruka tupite, lakini bibi mmoja aliyekuwa akishuka na kapu la iliki akatuzuia. Tukamwamkia shikamoo. "Marahaba, wanangu. Msipite, ngojeni kidogo. Wenyewe hawajafika." Tukangoja. Hazikupita dakika tano, wakaanza kushuka kwenye vijiti vya chini ndege wa kahawia mgongoni na weupe kifuani, kimya kabisa, macho yote chini. Bibi akatueleza kwamba hawali siafu. Wanakula panzi, mende na buibui wanaotoka mbio kuwakimbia siafu. Yeye huwaita wafuata siafu. Ukiwaona kichakani, alisema, usiweke mguu hapo bila kutazama.

Ndege huyo yumo vitabuni, na tabia yake hiyo imeandikwa sana. Jina lake la kisayansi linamkumbuka Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani. Bundi mkubwa wa misitu hii anamkumbuka Vosseler, mtaalamu wa wadudu katika kituo ambacho Wajerumani walikianzisha hapa Amani mwaka 1902. Lile ua dogo la zambarau lililotoka Usambara na sasa linauzwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya linamkumbuka Saint Paul, ofisa wa wilaya enzi hizo hizo. Sina ugomvi na marehemu hao. Lakini tuyapime majina kwa mizani moja. Fülleborn hakukwambii kitu juu ya ndege huyu: hakwambii anakula nini, anakaa wapi, wala utahadhari nini ukimwona. Mfuata siafu kumekwambia yote matatu. Kisha tunaambiwa la kwanza ndilo jina na la pili ni la kienyeji.

Mtu atasema majina ya wenyeji hayakuandikwa popote, kwa hiyo chuo kitayasahihishaje? Hapa ndipo uvivu unapojificha nyuma ya neno "utafiti". Yaliandikwa. Tena yaliandikwa na mtu aliyekaa Amani hapa hapa. R. E. Moreau, Mwingereza, alikuja Amani mwaka 1928 akiwa mhasibu kwa kazi, na akakaa karibu miaka 20. Yeye na mkewe Winifred walichunguza maisha ya hondohondo mpaka wakaandika juu yao katika majarida ya ndege ya kimataifa, kwa msaada wa Waafrika waliokaa chini ya viota na kuandika kila dume aliporudi na chakula. Mtu huyo, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alichapisha katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* orodha ya majina ya ndege yanayotumika pwani ya kaskazini-mashariki ya Tanganyika. Ndiyo, pwani yetu hii. Baadaye akageukia wale wanaohama, na kitabu chake juu ya safari za ndege kati ya Ulaya, Asia na Afrika kilitoka mwaka 1972, yeye akiwa amekwisha kufa. Ndege wawili wa milima ya nchi hii wana jina la ukoo wao: chozi mmoja anamkumbuka yeye, na ndege mwingine mdogo wa Uluguru anamkumbuka mkewe.

Yaani Mwingereza wa enzi za ukoloni aliona majina haya yanastahili kuchapishwa, na Mtanzania wa leo anayakata kwa wino mwekundu. Sijui tumwambie nini mtu wa namna hiyo.

Wapo Waafrika waliofika kwenye majina ya kisayansi, lakini ni wa kuhesabu. Jali Makawa, aliyezunguka kwa miaka mingi na mtaalamu wa ndege Mwingereza aliyeitwa Benson, ana ndege mmoja mdogo wa Zambia mwenye jina lake. Ndege huyo alipatikana mwaka 1964, na mpaka leo sampuli iliyopo ni hiyo moja. Makawa alistahili. Ila sidai tuwabandike babu zetu kwenye Kilatini kama fidia. Kilatini kina kazi yake, na nimekifundisha kwa furaha: mwanasayansi wa Brazil na wa Japani wajue wanazungumza juu ya kiumbe kimoja. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo, na ni rahisi zaidi: lugha ya watu milioni nyingi ihesabiwe kuwa na maneno iliyonayo.

Nasema hivi nikijua kwamba adui mkubwa wa maneno hayo ni sisi wenyewe. Fungua kamusi zetu. Utamkuta ndege, na mbele yake maelezo kwamba ni aina ya ndege. Utamkuta mwingine: aina ya ndege mdogo. Wa tatu: aina ya ndege mwenye rangi. Ndugu yangu, hakuna ndege anayeitwa aina ya ndege. Kamusi isingethubutu kueleza "gitaa" kuwa ni aina ya kitu. Padri Sacleux, Mfaransa aliyekaa Zanzibar na Bagamoyo, alikuwa mtaalamu wa mimea pia, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka mwaka 1939 iliwataja viumbe kwa majina ya kisayansi, kusudi msomaji ajue ni nani hasa. Tuliipokea kazi hiyo, tukaacha kilicho bora ndani yake. Sasa mwanafunzi anayetaka kujua kurumbiza ni ndege gani anaambiwa ni ndege. Alikwisha kujua hilo kabla hajafungua.

Kwa wadudu mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu neno lenyewe "mdudu" limebebeshwa kila balaa. Kidole kikivimba usaha ni mdudu. Ugonjwa usiotajwa jina ni mdudu. Hata nyama ya nguruwe kwenye baa za mjini ni mdudu. Mtoto anafundishwa darasa la nne kwamba mdudu ana miguu sita na mwili wenye kichwa, kifua na tumbo, anaelewa vizuri; akifika kidato cha kwanza yote yanafutwa ubaoni na kuandikwa upya kwa lugha nyingine, kana kwamba kifua cha panzi kilikuwa cha muda. Nimelifanya zoezi hilo kila Januari kwa miaka 26, nikitazama nyuso zikizima.

Nilimwuliza mmoja wa wale watoto watatu wa kumbikumbi kama anajua nondo. Akajibu haraka: "Vyuma vya kujengea." Nikamwonyesha shinani mwa mti, karibu na taa ya jengo la mapokezi, yule mdudu mnene wa kijivu aliyekunja mabawa yake kama gome. Nondo. Akamtazama, akanitazama mimi, akauliza kama chuma kimeitwa kwa mdudu au mdudu kwa chuma. Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Neno halijafa, limehamia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye kulirudisha msituni ni mtu yeyote atakayesimama mbele ya mti na kunyosha kidole.

Vunjajungu je? Huyu hana haja ya kurudishwa, kila mtoto wa pwani anamjua, wengine wanamwogopa: ukimgusa, chombo utakachoshika baadaye kitavunjika. Ni imani tu, lakini itazame kazi yake. Inamlinda mdudu anayekula wadudu wengine shambani, bila mradi, bila bango la wafadhili. Kereng'ende juu ya dimbwi, nyenje waliokuwa wakipiga kelele mpaka tukapandisha sauti, majimoto waliokuwa wameshona majani ya mwembe kuwa nyumba na kunitia adabu nilipoegemea, dundu mweusi aliyelala chali njiani akipiga miguu: wote hao tuliwaandika bila kusimama kufikiri.

Na kuna yule wa michungwa. Muheza ni nchi ya machungwa, na hakuna mtoto aliyekulia huku asiyemjua kiwavi wake. Akiwa mdogo anafanana na mavi ya ndege, ndiyo maana ndege hamli. Akikua anakuwa wa kijani, na ukimbonyeza anatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali isiyosahaulika. Tulikuwa tukirushiana tukiwa wadogo. Kipepeo anayetoka humo ni mkubwa, mweusi mwenye madoa ya rangi ya maziwa, na jina lake la kisayansi, Demodocus, ni la mwimbaji kipofu katika hadithi za Wagiriki wa kale. Nalitaja kwa heshima. Ila mtu anayejua mwimbaji huyo ni nani, na hajui kiwavi anakula mti gani, usimpe shamba lako la machungwa.

Wakulima wa vijiji vya huku juu walijifunza hilo kwa faida yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kufuga vipepeo: unapanda mti anaoula kiwavi, unamlea ndani ya wavu, akijikunja kuwa pupa unampaki na kumsafirisha kwa ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. (Kwa Kiswahili chetu cha zamani pupa ni ile tamaa ya haraka, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mdudu mwenye subira kuliko wote ndiye tuliyempa jina hilo.) Kina mama walilipa ada za shule kwa kazi hiyo. Mwaka 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo nao wakaingia, kwa sababu kwenye karatasi kipepeo na kima wote ni wanyama hai. Sisemi zuio hilo lilikuwa na nia mbaya. Biashara ya wanyama hai ilikuwa na uchafu wake. Nasema mama aliyejua kila kiwavi kwa mti wake na kila mti kwa jina lake hakuwa na mahali pa kwenda kueleza tofauti, kwa kuwa maarifa yake yalikuwa katika lugha ambayo hata mtihani wa chuo unaikata.

Nirudi kwenye hoja wanayoipenda wapinzani wangu: kwamba majina yetu hayana usahihi. Mbayuwayu anaitwa huyu na yule, kereng'ende huku ni mdudu na kule ni ndege wa vichakani wa jamii ya kwale, tipitipi wa kijiji kimoja ni dudumizi wa kijiji cha pili. Ni kweli tupu. Na ni kweli kwa kila lugha ya watu. Waingereza walipofika Marekani waliona ndege mwenye kifua chekundu, wakampa jina la ndege mdogo wa bustani zao, ingawa hawahusiani. Jina hilo lipo mpaka leo, na hakuna msahihishaji anayelikata. Walichofanya ni kukaa, kukubaliana na kuandika kwamba jina hili, mahali hapa, ni la huyu. Kazi ya kamati ya wiki mbili. Tipitipi na dudumizi wanaweza kukaa mstari mmoja wa daftari, na mkulima wa kila kijiji ataendelea kumsikiliza wake kujua mvua iko karibu.

Kundi jingine ni la rafiki zangu wanaoandika mashairi. Hao wananiambia niachane na majina kabisa: ingia msituni, nyamaza, sikiliza, jina linaua mshangao. Maneno matamu, na mtu wa mjini aliyekuja kwa siku mbili anaweza kuyamudu. Yule bibi wa iliki hawezi. Tulipokuwa tumekaa naye tukiwatazama wafuata siafu alisema, bila kuulizwa, kwamba kororo walikuwa wakishuka mpaka kwenye iliki zake, kundi zima, wakichakura kama kuku. Siku hizi anawasikia tu, tena mbali, ng'ambo ya bonde. Hiyo ni taarifa. Ina mahali, ina kiumbe, ina muda, na ukimwuliza zaidi atakwambia ni tangu mwaka gani. Ondoa neno kororo, na bibi atabaki akisema kwamba ndege fulani hawaji siku hizi. Nani atamsikiliza? Mtu hawezi kutoa ushahidi juu ya kilichopotea ikiwa hana neno la kukiitia. Watu wa miaka yake wanapungua, na kila anayezikwa anakwenda na sehemu ya daftari ambalo hatukuandika.

La mwisho ni hili la intaneti, nalo nitalisema kwa upole kwa sababu waliolifanya walikuwa na nia njema. Ukitafuta huko utakuta orodha ndefu za majina ya ndege kwa Kiswahili: huyu kidari-njano, yule kichwa-kijivu, mamia kwa mamia, yakifuata Kiingereza neno kwa neno. Mengine yanafaa. Lakini yamechanganywa na majina ya kweli ya wavuvi na wakulima bila alama yoyote, kwa hiyo kijana hawezi kujua lipi lilitoka kinywani mwa mtu na lipi lilitoka mezani. Kubuni si kosa, lugha zote hubuni. Jina lililobuniwa liandikwe kuwa limebuniwa, na kabla ya kubuni mtu apande gari mpaka Muheza aulize.

Hesabu yetu? Tulirudi jioni, nguo zimelowa, na viumbe 38 kwenye daftari. Thelathini na moja tulikuwa na neno lao, letu au la bibi. Saba hatukuwa nalo: ndege wanne wadogo wa vilele vya miti, ambao kwa kweli hawaonekani na mtu asiye na darubini, na wadudu watatu, mmoja wao mbawakavu wa kijani anayeng'aa kama bati jipya. Saba kati ya 38. Hiyo ndiyo ile lugha inayoishiwa maneno ikiingia msituni.

Nimekiandikia chuo barua ya kurasa mbili na kuambatanisha daftari. Sijapata jibu. Sijaomba alama za mpwa wangu zirudishwe. Nimeomba mwongozo wa kusahihisha ukubali jina la Kiswahili pale ambapo maelezo ya mtahiniwa yanamtambulisha ndege bila shaka, na niko tayari kukaa nao bure kuandaa orodha.

Mtihani wa marudio ni Novemba. Mpwa wangu ameniambia ataandika Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili kwenye mabano. Nimemwambia aanze na Kiswahili. Amenyamaza tu, ada ya kurudia analipa yeye, na safari hii ameiuzia pikipiki.